Divai ‘tamu’ si tembo tamu

Kuna tafsiri mbili zinazozidi kuota mizizi katika menyu na matangazo ya vinywaji: ‘mvinyo mtamu’ na ‘divai kavu’. Zote mbili zimefuata Kiingereza neno kwa neno, na zote zina walakini.

Tuanze na ‘kavu’. Hivi kinywaji kinakuwaje kikavu? Mswahili wa Pwani hakuwahi kukosa neno hapa. Kule Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, na kwingineko kwenye minazi, tembo huwa tamu au huwa kali. Tamu ni lile lililogemwa sasa hivi, sukari yake ingalimo. Likikaa, hamira ya asili huila sukari hiyo na kuigeuza kileo. Kufikia kesho yake ni tembo kali. Ukiliacha zaidi, umepata siki. Kinyume cha tamu, basi, ni kali.

Lakini hapo ndipo penye mtego. Kwa tembo, utamu ni dalili kwamba kileo bado ni kichache. Msomaji aliyezoea lugha hiyo akikuta ‘mvinyo mtamu wa baada ya mlo’ atadhani ni kinywaji chepesi. Wapi! Port ya Ureno hutiwa pombe kali kabla hamira haijamaliza sukari. Hamira hufa, utamu hubaki, na kileo hufika takriban asilimia 20. Ni tamu na kali kwa pamoja. Sauternes ya Ufaransa hupitia njia nyingine: ukungu huzipunguza zabibu maji, sukari ikazidi hata hamira ikashindwa kuimaliza. Nayo si nyepesi. Anayezibugia kama tembo la asubuhi atajua hajui.

Kisha ‘tamu’ yenyewe. Sisi husema pilau tamu, hadithi tamu, hata usingizi mtamu. ‘Divai tamu’ basi yaweza kuwa yoyote inayompendeza mnywaji. Na ‘mvinyo’? Neno tulilipata kwa Wareno kwa maana ya divai, lakini matumizi yetu yakalisogeza kwenye pombe kali. Divai, lenye asili ya Kifaransa, ndilo la zabibu.

Napendekeza ‘divai yenye sukari ya zabibu’ na ‘divai isiyobaki sukari’. Port iwe ‘divai yenye sukari, iliyoongezwa pombe kali’. Ni ndefu? Naam, lakini haimdanganyi mtu.

Hata asiyeonja kileo ana kipimo cha kuelewa jinsi divai hizi zinavyofurahiwa. Kula halua, kisha unywe chai ya sukari: chai itaonekana haina sukari. Ndiyo maana halua tunaiteremshia kahawa chungu, tena kwa kikombe kidogo. Wanywaji wa divai wameshika njia ya pili: divai sharti ifikie au izidi utamu wa kitindamlo, la sivyo itakuwa chachu mdomoni. Nao pia hutumia glasi ndogo, wakanywa polepole.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mfasiri naye akisifiwa kwa wepesi wa kalamu, neno hulitia maji. Tofauti ni kwamba tembo la maji halimlevyi mtu. Neno la maji laweza kumlevya.