Bega Ndani: Namna ya Kumtazama Farasi Anayekwenda Upande

Anayekaa ubavuni mwa uwanja ataona shingo nzuri na manyoya yanayong'aa, basi. Kazi yenyewe huonekana ukisimama mwisho wa ukuta, farasi akikujia uso kwa uso. Hapo hesabu miguu. Katika bega ndani, zoezi mama la mienendo ya upande, farasi hujipinda kumzunguka mpandaji, mabega yakatoka ukutani kuingia ndani kwa pembe ya nyuzi kama 30, huku nyuma ikibaki kwenye njia yake. Ikiwa sawa, utaona miguu mitatu tu, kwa sababu mguu wa nyuma wa ndani unafuata njia ileile ya mguu wa mbele wa nje na kufichwa nao. Wapo walimu wanaotaka minne. Mimi sigombani nao, mradi pembe isibadilike katikati ya safari.

Kosa linalowadanganya wengi liko shingoni. Mpandaji anavuta hatamu ya ndani, shingo inakunjika, bega la nje linafura kuelekea ukutani, na miguu inaendelea na njia zake mbili kama kawaida. Watazamaji husifu. Dawa ni rahisi: mpandaji apeleke mkono wa ndani mbele kwa hatua mbili tatu, hatamu ilegee. Farasi akibaki amepinda, mwili ndio uliofundishwa. Akinyooka papo hapo, ulikuwa mkono tu. Tazama na masikio: moja likishuka chini ya jingine, kichwa kimepindwa kwa nguvu.

Kisha ushuke na macho hadi mguu wa nyuma wa ndani, na hapo ukae. Unatakiwa kukanyaga mbele, chini ya tumbo, goti la nyuma likikunjika na kupokea uzito. Miguu ya mbele ndiyo inayopishana. Ya nyuma ikianza kupishana waziwazi, farasi anaukwepa mzigo kwa kuteleza pembeni, na faida yote ya zoezi imepotea. Mapigo nayo yasiguswe. Mchakamchaka una mapigo mawili, na lazima yabaki mawili, sawa kwa sawa, kabla, wakati na baada. Ukisikia hatua zikifupika au kukimbizana, usiangalie pembe tena.

Mfaransa François Robichon de La Guérinière, katika kitabu chake cha upandaji kilichotoka mnamo 1733, aliliona zoezi hili kuwa somo la kwanza na la mwisho kwa farasi. Kabla yake, Newcastle, kabaila wa Kiingereza aliyechapisha kitabu Antwerp mwaka 1658, alikuwa akiwapinda farasi kwenye duara. Jambo jipya la La Guérinière lilikuwa kulitoa duarani na kulinyoosha kando ya ukuta. Ndiyo maana hadi leo mwalimu mzuri huanza na duara dogo la mita 10 kwenye kona: mabega yakishaondoka ukutani kana kwamba duara la pili linaanza, anaomba hatua nne tano kwa mstari, anamwachia. Anayedai urefu wote wa ukuta siku ya kwanza anafundisha ukaidi.

Vienna, kwenye Shule ya Kihispania ya Upandaji, mazoezi ya asubuhi yanafaa jicho kuliko maonyesho, maana unaona mpandaji akirudia upande ule mgumu. Kila farasi anao. Upande mwepesi haukuambii chochote.

Mwendo mwingine wa upande, kukatiza uwanja kwa mshazari farasi akiwa amepinda anakoelekea, hupigiwa makofi zaidi. Mapigo huangaliwa vilevile, na nyuma isitangulie mabega.

Ukibaki na shaka, muombe mpandaji atoke kwenye bega ndani moja kwa moja na kuurefusha mchakamchaka. Farasi aliyefunzwa ataondoka kwa hatua kubwa zaidi, mgongo ukiinuka na mkia ukining'inia huru. Aliyelazimishwa ataharakisha tu.