Namna ya Kumpima Shujaa Mwenye Dosari katika Tendi za Wagiriki wa Kale

Anayezisoma tendi za Wagiriki wa kale kwa mara ya kwanza huanza kwa kuhesabu makosa: Achilles ana hasira, Odysseus anajisifu, Hector hasikii la mtu. Hesabu hiyo haimfikishi mbali. Paris naye ana makosa tele: alimchukua mke wa mwenyeji wake, na katika kitabu cha tatu cha Iliad, mwenyeji huyo, Menelaus, anapokaribia kumuua, Aphrodite anamchopoa vitani na kumrudisha chumbani kwake. Hata hivyo hakuna msomaji makini anayemweka daraja moja na Achilles. Cha kuangalia ni chanzo cha dosari, wala si idadi ya makosa. Dosari iliyosanifiwa vyema huchipuka kwenye shina lile lile linalozaa fadhila za shujaa, hata ukitaka kuing'oa utamng'oa na mwenyewe. Hicho ndicho kipimo kikuu, vingine hukisaidia.

Achilles anajua kwamba akiendelea kupigana Troy atakufa kijana, na malipo yake ni heshima. Ndiyo maana Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, anapomnyang'anya Briseis, mateka aliyetunukiwa na jeshi, anaona mapatano yote yaliyomweka vitani yamevunjwa. Katika kitabu cha tisa Odysseus, Phoenix na Ajax wanamletea ahadi ya zawadi tele ili arudi, naye anakataa. Angezipokea, heshima yake ingekuwa na bei. Alipozikataa, aliwaacha wenzake wauawe. Ubora na kosa vimo katika tendo moja. Ndivyo alivyo Odysseus pia. Anaokoka pangoni mwa Polyphemus, jitu lenye jicho moja, kwa kujiita Hakuna Mtu, kisha, akiwa tayari baharini, anapaza sauti na kutaja jina lake, la baba yake na la kwao. Ujanja usiojulikana ni wa nani hauna faida kwa mtu anayeishi kwa sifa. Jina hilo ndilo Polyphemus analolitumia kumlaani mbele ya baba yake, Poseidon.

Kipimo cha pili ni onyo. Shujaa asiyeonywa amepatwa na ajali tu. Aliyeonywa akakataa amechagua. Usiku ule Achilles alipojitokeza tena, Polydamas, Mtroya mwenzake, alimshauri Hector alirudishe jeshi ndani ya kuta. Hector alikataa, na Watroya wakamshangilia. Kesho yake, baada ya wengi kuuawa, anabaki peke yake nje ya lango kwa sababu anaona haya kukutana na Polydamas na watu wake. Haya hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya, katika kitabu cha sita, amwache mkewe Andromache akilia na kurudi vitani. Kipimo cha tatu ni nani analipa, maana mchuma janga hula na wa kwao. Patroclus, rafiki wa Achilles, anauawa baada ya kuingia vitani na silaha za Achilles, na Odysseus anafika Ithaca bila hata mmoja wa wenzake, ingawa nao walijiponza kwa kuchinja ng'ombe wa mungu wa jua.

Wapo watakaosema kwamba vipimo hivi ni bure, kwa kuwa miungu ndiyo inayowaendesha watu hawa. Agamemnon mwenyewe anajitetea hivyo katika kitabu cha 19, akimtupia lawama Zeus. Lakini fidia anailipa yeye. Na mwanzoni mwa Odyssey Zeus analalamika kwamba wanadamu huisingizia miungu mateso wanayojiongezea kwa ujinga wao. Tena Athena anapomshika Achilles nywele asimuue Agamemnon, anamwomba ajizuie, naye anajizuia: uwezo anao. Wengine watasema tunawahukumu watu wa kale kwa maadili yetu. Lakini hukumu imo ndani ya utenzi. Ajax anamwambia Achilles usoni kwamba amekuwa mgumu wa moyo, Patroclus anamlaumu kwa kukosa huruma, na Apollo anarudia shtaka hilo mbele ya miungu katika kitabu cha 24.

Kipimo cha mwisho ni kujitambua, na hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanagenzi. Patroclus akishakufa, Achilles anakiri mbele ya mama yake kwamba amekuwa mzigo tu duniani. Baadaye anamrudishia Priam, baba yake Hector, maiti ya mwanawe, analia pamoja naye, na anazuia vita siku 11 kwa ajili ya mazishi. Hata hivyo, katikati ya huruma hiyo anamwonya mzee asimchokoze, maana hasira haijaenda mbali. Mshairi dhaifu angemponya kabisa. Kwa kipimo kile kikuu Jason wa Apollonius wa Rhodes, katika utenzi wa karne ya 3 kabla ya Kristo, anashuka daraja: kusitasita kwake kunavutia, na kuuawa kwa hila kwa Apsyrtus, ndugu wa mpenzi wake, kunamchafua, lakini kusita huko hakutokani na ubora wowote alio nao.

Basi ukisoma, iondoe dosari kwa fikra uone kinachobaki. Paris bila tamaa yake ni kijana mzuri wa sura, hakuna tulilopoteza. Achilles bila hasira yake angekuwa askari mtiifu, na Iliad isingekuwa na la kusimulia.