Nani Kamshonea Tembo?

Ukimsomea mtoto wa miaka minne, utagundua kwamba anakusikia kwa sikio moja tu. Wewe uko na Tembo anayemdhulumu Panya akiba yake ya chakula. Yeye kidole kiko juu ya nguo ya Tembo, anauliza nani kamshonea. Usimkemee. Mchoraji alijua atafika hapo.

Panya na Tembo hao ni wa John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga aliyelelewa na mtindo wa Tingatinga. Eduardo Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960: rangi za mafuta juu ya hadibodi, usuli wa rangi moja, mnyama, madoadoa, kivuli hakuna. Kilaka aliwachukua wanyama wa namna hiyo akawasimamisha kwa miguu miwili, akawavika, akawapa shughuli. Sokwe anavua samaki awapeleke sokoni, Mbwa anamwibia. Kisha akazunguka vijijini kuwasikiliza wasimulizi wazee na kuwarekodi, kazi ambayo wengi wetu tungeiona haina malipo.

Ninachomhusudu ni jinsi anavyojua kunyamaza. Maandishi yanasema Tembo alikataa kutoa chakula, basi. Amesimamaje, anamtazama nani, jirani gani anapita akijifanya hajaona: hayo ni ya brashi. Mtoto asiyejua herufi hata moja anayasoma yote, na ukiruka ukurasa anakurudisha. Kuyapanga mambo hivyo, hili liandikwe, hili lichorwe, lile lingoje mpaka ukurasa ufunuliwe, ni ufundi wa miaka.

Vitabu vipya ninavyoviona madukani vina haraka. Maneno yanasema paka mweusi yuko juu ya kiti. Picha ni paka mweusi juu ya kiti. Mtoto abaki na nini? Picha nyingine zimeokotwa zikiwa tayari kwenye kompyuta, ndiyo maana bibi wa kijijini anaishi katika nyumba yenye dohani, na wajukuu wake wote wana sura moja.

Si kwamba hatukujaribu kuchapa vitabu vizuri wenyewe. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, ulinunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, mchapishaji akapata ujasiri wa kuchapa. Lakini kitabu cha Kilaka cha Sokwe na samaki wake kilitoka mwaka 2001 huko Uswisi, kwa Kijerumani. Watoto wa Zürich walimfahamu Sokwe wetu kabla ya watoto wa Sumbawanga.

Hata tukichapa wenyewe, tazama jalada. Jina la mwandishi lipo, la mchapishaji lipo, nembo ya mfadhili ipo, tena kubwa. La mchoraji utalisaka mpaka ukurasa wa hakimiliki, kwa herufi za kuumiza macho, na mara nyingine hata huko halimo.