Git inapounganisha bila kulalamika

Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ya Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa Jiji. Kwa anayetunza mifumo ya halmashauri, tangazo kama hilo ni neno moja la kubadilisha kwenye faili, na kwa sababu hiyo linafaa sana kuipima Git, programu ya kutunza matoleo aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Nilitengeneza faili mbili: halmashauri.csv, yenye mstari mmoja kwa kila halmashauri ya Mkoa wa Dodoma, na vituo.csv, inayotaja zahanati na halmashauri yake.

Git hujuaje kuwa faili imebadilika? Haisomi kila kitu kila mara. Kwenye index yake, yaani orodha ya faili inazozifuatilia, huweka ukubwa wa faili, saa ilipobadilishwa mwisho na taarifa nyingine za diski; zikilingana, inapita. Niliipa halmashauri.csv saa mpya kwa amri ya touch, bila kugusa herufi hata moja. Amri ya git diff-files ikaitaja kuwa imebadilika, maana huangalia taarifa hizo tu. Lakini git status iliisoma upya, ikakokotoa alama yake ya SHA-1, ikakuta ni ileile, ikasahihisha index. Kuanzia hapo diff-files nayo haikutaja kitu.

Penye hatari ni pale faili inapobadilishwa papo hapo baada ya index kuandikwa, na ukubwa ukabaki uleule. Saa peke yake haiwezi kutofautisha. Kwa hiyo faili yoyote ambayo saa yake haikuitangulia saa ya index, Git huisoma yote. Hili lijaribiwe kwa skripti. Mkono wa mtu hauna kasi hiyo.

Inapounganisha matawi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba, Git hulinganisha matoleo matatu: la asili yalikochipukia matawi hayo, la kwako na la mwenzako. Tawi moja lilibadilisha mstari wa Kondoa, jingine mstari wa Chemba unaoufuata (wilaya hizi zilikuwa moja hadi 2012). Hakuna aliyegusa mstari wa mwenzake, ila Git ikagoma, kwa sababu mabadiliko ya mistari inayopakana huyahesabu kuwa sehemu moja. Amri ya git ls-files -u ikaonyesha matoleo yote matatu. Nilipoanza upya, mstari wa Kongwa ukiwa katikati tangu toleo la asili, kazi iliungana bila tatizo.

Jaribio la mwisho ndilo linalostahili kuwaamsha watu. Tawi la kwanza lilibadilisha “Manispaa ya Dodoma” kuwa “Jiji la Dodoma” kwenye faili zote mbili. Tawi la pili, lililochipuka kabla ya hapo, liliongeza zahanati mpya chini kabisa ya vituo.csv, baada ya zile za Mpwapwa, ikiwa bado chini ya “Manispaa ya Dodoma”. Git iliunganisha bila neno. Zahanati hiyo sasa iko chini ya halmashauri isiyokuwepo, na ripoti ya Jiji haitaihesabu.

Niliandika kipimo kifupi: kila halmashauri iliyotajwa kwenye vituo.csv lazima iwemo kwenye halmashauri.csv. Kila tawi, likipimwa peke yake, lilifaulu. Kosa lilionekana baada ya kuunganisha tu. Kipimo cha aina hii kiwekwe kwenye seva, kipime matokeo ya kuunganisha kabla hayajaingia tawi kuu.