Sauti si kachumbari ya filamu

JUMAPILI iliyopita nilitazama tamthilia ya Kiswahili katika runinga moja humu nchini. Baba mtu alikuwa karibu kumfichulia bintiye siri aliyoificha miaka ayami. Nikatega sikio. Lo! Muziki ukavuma ghafla na kumeza kila neno. Mjukuu wangu akaniuliza, "Babu, amesemaje?" Sikuwa na jibu.

Waelekezi wetu wengi huichukulia sauti kama kachumbari: pilau ikishaiva, ndipo inapotiwa pembeni mwa sahani. Mimi nashikilia kwamba sauti ni mchele wenyewe.

Chukua mfano wa M, filamu ya Kijerumani ya mwaka wa 1931 iliyoelekezwa na Fritz Lang. Ndiyo iliyokuwa filamu yake ya kwanza yenye sauti, na hakuitumia ovyo. Mama anamwita bintiye, Elsie, huku kamera ikituonyesha ngazi tupu na sahani isiyoguswa. Kifo hatukioni, ila tayari tumekwisha kukisikia. Muuaji naye ana mazoea ya kupiga mbinja, wimbo ule ule wa Edvard Grieg. Wenye macho wanapitana naye njiani bila kumshuku. Anayemtambua ni kipofu muuza maputo, kwa mbinja tu! Kwingineko Lang ameacha kimya kitupu, nacho kinatisha kuliko ngoma yoyote.

Sisi wanaisimu tunajua kuwa kiimbo hubeba maana. "Amekuja" yaweza kuwa taarifa, swali au mshangao. Sauti ndiyo inayoamua. Fanani wetu wa jadi walilifahamu hilo. Walijua pa kunong'ona, pa kutumia tanakali na pa kunyamaza hadhira ishushe pumzi. Sasa ukiyafunika mazungumzo kwa vinanda, umebakiza nini?

Dawa yenyewe si ghali. Muziki upunguzwe mhusika anapozungumza. Kipaza sauti kisogezwe karibu na msemaji. Kabla ya kufungasha vyombo, fundi arekodi kimya cha chumba kwa nusu dakika hivi, ili mhariri apate cha kuzibia mianya baina ya kauli.

Watoto wengi wanajifunza Kiswahili mbele ya runinga. Tukiwanyima maneno tutakuwa tumewafunza nini, jamani? Mjukuu wangu hadi leo hajaijua siri ya yule baba. Wala mimi.