Mahadhi, Mkazo na Toni: Juu ya Kutunga Nyimbo Katika Shule za Sekondari za Tarime na Serengeti

Katika nchi za kaskazini, shule zifungwapo wakati wa kiangazi, wako wanafunzi wa sekondari waendao kambini kujifunza kutunga muziki. Interlochen, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilianza mwaka 1928 kwa kambi ya okestra ya wanafunzi wa sekondari. Na mafunzo ya Tanglewood yaliyo chini ya Chuo Kikuu cha Boston yalianza mwaka 1966. Huko kijana hupewa mwalimu, karatasi na muda wa kutosha, kisha kazi yake huchezwa mbele ya watu. Mkoani Mara shule hufungwa Juni na Desemba, na kijana wa huko naye hutunga. Bali hutunga pasipo kufundishwa, na mara nyingi hutunga kwa kuagizwa. Makala haya yana nia ya kuzichungua nyimbo za namna hiyo kwa upande wa lugha, maana udhaifu wake, kwa maoni yetu, haumo katika sauti za waimbaji wala katika nia zao, bali katika namna maneno yanavyofungwa na mahadhi.

Yafaa kwanza msomaji ajue kwa nini jambo hili si la mchezo. Katika wilaya za Tarime na Serengeti likizo ya Desemba, aghalabu, ndiyo majira ya kuwakata wasichana. Sheria ya mwaka 1998 juu ya makosa ya kujamiiana yalikataza tendo hilo kwa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini katika koo nyingi desturi haikukoma. Hivyo shule zinapofungwa wako wasichana wanaokimbilia kituo cha Masanga huko Tarime, au nyumba ya usalama iliyoko Mugumu, wakakaa humo mpaka majira yapite. Katika siku hizo za kungoja nyimbo hutungwa na kuimbwa. Upande wa pili, barabarani, misafara ya jando hupita na nyimbo zake, ambazo humsifu aliyekatwa na kumdhihaki asiyekatwa. Basi nyimbo mbili zashindana masikioni mwa msichana mmoja. Ikiwa wimbo mpya ni dhaifu, udhaifu huo una gharama yake, wala anayeilipa si mtunzi peke yake.

Tuanze na maneno. Wimbo wa kale wa dhihaka humsema mtu anayejulikana, kwa lugha ya nyumbani, juu ya jambo ambalo kila asikiaye amelishuhudia. Wimbo mpya, ulioagizwa kwa ajili ya mkutano au sherehe, aghalabu huchukua maneno yake katika matangazo: kutokomeza, kuelimisha jamii, ukatili wa kijinsia. Maneno haya yana haki yake katika barua na katika hotuba. Lakini hayana mtu ndani yake. Hakuna mama, hakuna shangazi, hakuna usiku wa kutoroka, hakuna ng'ombe wa mahari ambao baba amekwisha kuwahesabu. Mtunzi mwenyewe huyajua mambo hayo yote kuliko sisi, lakini hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo mali ya wimbo. Ameambiwa kwamba wimbo ni agizo lenye mahadhi.

Hata katika kuchagua jina la tendo lenyewe pana fundisho. Neno tohara, lililotoka katika Kiarabu, limebeba maana ya usafi. Alitumiaye kwa wasichana amekwisha kulisifu tendo kabla ya kulieleza. Neno ukeketaji limetokana na kukeketa, yaani kukata kitu kigumu kwa kisu kisichokuwa kikali; nalo limekwisha kulihukumu tendo katika herufi zake. Mtunzi atumiaye mojawapo amechagua upande, apende asipende. Kijana wa kidato cha tatu anaweza kulifahamu jambo hili kwa nusu saa, akifundishwa. Asipofundishwa, atatia tohara katika ubeti wa kwanza na ukeketaji katika ubeti wa pili, na wimbo utajipinga wenyewe bila yeye kujua.

Sasa tutazame mkazo, ambapo kosa ni kubwa zaidi, tena halisemwi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huhama neno linapoongezwa kiambishi: twasema nyúmba, kisha nyumbáni, twasema ímba, kisha imbéni. Maneno machache hutofautishwa kwa mkazo tu: barabára ni njia, na barábara ni sawasawa. Maana yake ni kwamba kifungu cha maneno ya Kiswahili karibu kila mara humalizika kwa silabi nzito ikifuatwa na nyepesi. Lakini mahadhi mengi ambayo wanafunzi wameyarithi kutoka katika vitabu vya tenzi za kanisa yalifanywa kwa ajili ya Kiingereza, ambacho kina wingi wa maneno ya silabi moja. Kipimo kinachojulikana sana katika tenzi hizo, cha mishororo ya silabi nane na sita kwa zamu, huanza kwa silabi nyepesi na kumalizika kwa silabi nzito. Maneno ya Kiswahili yakitiwa humo, pigo zito laangukia silabi ya mwisho, na mwimbaji analazimika kusema nyumbaní na imbení. Masikio yetu yamezoea, hata hatusikii tena. Lakini mtoto mdogo au mzee asiyekwenda kanisani, akiusikia wimbo huo kwa mara ya kwanza, hushika mahadhi na kuyakosa maneno. Na maneno ndiyo yaliyokusudiwa.

Jambo la ajabu ni kwamba dawa ya kosa hili imo katika ushairi wetu wenyewe. Mshairi wa Kiswahili huhesabu mizani, nane kwa nane katika shairi la kawaida, na kina chake hukaa mahali pale pale ambapo lugha huteremsha sauti. Mahadhi ya mashairi yaliundwa kwa kufuata umbo hilo. Mwanafunzi hufundishwa mizani na vina darasani kwa ajili ya mtihani. Akitoka darasani akaingia katika kwaya, hakuna amwonyeshaye kwamba somo ni lile lile. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kwaya wanakaa katika shule moja kama majirani wasiosalimiana.

Upande wa Kikuria mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa Kikuria ni lugha ya toni. Wataalamu wameonyesha kwamba toni ya juu katika kitenzi cha Kikuria huhesabiwa tangu mwanzo wa shina: katika njeo moja huangukia mora ya kwanza, katika nyingine ya pili, ya tatu, hata ya nne. Lugha jirani ya Kigusii ilikwisha kuandikiwa habari za njeo zake na W. H. Whiteley mwaka 1960. Sisemi kwamba kila wimbo wa Kikuria hufuata toni hatua kwa hatua. Waimbaji wa lugha nyingi za toni hujipa uhuru. Lakini mahadhi yanayopanda pale sauti ishukapo, na kushuka pale ipandapo, humfanya msikilizaji afanye kazi ya kutafsiri lugha yake mwenyewe. Mpiga litungu, zeze kubwa la nyuzi nane la Wakuria, hana taabu hiyo. Nyuzi hukariri fungu fupi, na juu yake mwimbaji hunena na kuimba kwa kadiri maneno yanavyotaka. Hapo maneno ndiyo bwana, na mahadhi ni mtumishi. Katika wimbo wa shule amri imegeuzwa.

Yamkini mtu atatupinga akisema: mahadhi ya kienyeji ndiyo hayo hayo ya msafara wa jando; ukiyarudisha shuleni umeirudisha na desturi. Pingamizi hili lina uzito, na siliondoi kwa neno moja. Mahadhi yenyewe hayakati mtu. Lakini mahadhi hukumbusha, na kwa msichana aliyetoroka kumbukumbu hiyo yaweza kuwa jeraha. Nionavyo mimi, wa kuamua ni wasichana wenyewe, na wakiyakataa mahadhi fulani yakataliwe. Lakini nyimbo za jando si muziki wote wa watu hawa. Ziko za arusi, za malishoni, za kulea watoto, na za litungu zisimuliazo habari za watu. Kuziacha zote kwa sababu ya mojawapo ni kuwaachia wenye kisu urithi wote. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huu huu, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba shule ziliwafundisha vijana nyimbo na ngoma za wageni, za kwao zikaachwa. Sikitiko hilo halijapoteza haki yake.

Nini basi kifanyike? Hatuna budi kusema kwa kiasi, maana shule zinazofundisha somo la muziki nchini ni chache. Wiki mbili za likizo ya Juni zingetosha kuanzia, ili nyimbo ziwe tayari kabla ya Desemba. Siku za kwanza wanafunzi wasiimbe kabisa; waseme maneno yao kwa sauti, wayapigie makofi, na waandike mahali mkazo ulipo. Baadaye aje mpiga litungu, awaonyeshe jinsi fungu moja linavyoweza kubeba habari ndefu. Hapo ndipo zifuate noti za sol-fa, ambazo kwaya zetu zimekwisha kuzizoea na ambazo hazihitaji chombo cha bei. Wilayani Serengeti, ambako Wakuria, Wangoreme, Waikoma na Wanata hukaa katika shule moja, beti ziwe za Kiswahili na kiitikio kiwe cha lugha ya nyumbani, ili wimbo ueleweke na wote na bado uwe wa mtu. Walimu wangeweza kupatikana katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya Bagamoyo, iliyoanza kama chuo cha sanaa mwaka 1981.

Nasi wa lugha tuna deni letu. Msamiati wa muziki katika Kiswahili bado umetawanyika: neno sauti latumika kwa noti, na pia kwa kundi la waimbaji katika kwaya, na mwanafunzi hubaki akikisia. Kupanga maneno hayo ni kazi ndogo kwa wanachuoni. Lakini msichana aliyeko Mugumu katika mwezi wa Desemba, akisikia ngoma ya msafara ikipita nje, anahitaji wimbo ambao maneno yake yanasikika.