Lugha ya Mtaa katika Hadithi Fupi: Funzo la Miguel Street

Katika makala hii tunakusudia kuchunguza lugha ya mtaani katika Miguel Street, mkusanyiko wa hadithi fupi 17 wa V. S. Naipaul, na namna mfasiri wa Kiswahili anavyoweza kuikabili. Naipaul aliandika hadithi hizi London mwaka 1955, nazo zikachapishwa mwaka 1959. Kwetu Uganda si mgeni kabisa, kwani mwaka 1966 alikuwa mwandishi mwalikwa Makerere.

Mandhari ni mtaa mmoja wa Port of Spain, Trinidad, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa Marekani walipokuwa na kambi kisiwani. Msimulizi ni mvulana asiyetajwa jina. Takriban kila hadithi inamhusu jirani mmoja: Popo, seremala asiyemaliza kazi, B. Wordsworth, mshairi anayetunga mstari mmoja kwa mwezi. Bhakcu, anayefungua injini za magari mazima mpaka zikaharibika. Anayetawala hadithi moja hupita tu barabarani katika nyingine, hivyo mtaa wenyewe unakuwa mhusika.

Tuchukue Popo. Mwanzoni husema anatengeneza kitu kisicho na jina. Mkewe anapomkimbia, anapaka nyumba rangi, anaileta samani, mke anarudi. Kumbe samani ni za wizi. Akitoka jela anakuwa seremala wa kweli, mwenye bidii. Wanaume wa mtaa wameridhika, ila mvulana anahuzunika, kwa sababu kile kitu kisicho na jina hakitatengenezwa tena. Dhamira hii haihubiriwi popote. Imebebwa na mazungumzo ya kawaida.

Hapo ndipo tatizo la mfasiri linapoanza. Msimulizi anatumia Kiingereza sanifu, lakini watu wa mtaa wanazungumza Krioli ya Trinidad. Baadhi ya wanafunzi hukimbilia Sheng. Tunaona hilo halifai, kwani Sheng hutambulisha zaidi vijana wa Nairobi, ilhali katika Miguel Street mzee na mtoto wanazungumza namna moja. Wengine hutumia Kiswahili cha mitaani cha Kampala: "mimi hapana jua". Hilo nalo lina hatari. Krioli ni lugha kamili ya wenyeji wake, lakini msomaji wetu akisikia "mimi hapana jua" humwona mtu aliyeshindwa na lugha, au humkumbuka askari wa kizuizini. Kicheko kitamwangukia mhusika badala ya kutoka kwake.

Pendekezo letu ni kumwachia msimulizi Kiswahili sanifu cha maandishi, na kuwapa majirani Kiswahili cha mazungumzo: sentensi fupi, "si unamjua huyu?", "ndo hivyo", utani wa majirani. Tofauti hiyo ya lugha ina maana. Katika hadithi ya mwisho mvulana anaondoka kwenda kusoma Uingereza. Ndege inachelewa, anarudi mtaani, anakuta maisha yanaendelea bila yeye. Sauti ya usanifu inatuonyesha tangu ukurasa wa kwanza kwamba anayesimulia ameshaondoka.

Hata hivyo, kazi hii ina upungufu. George anampiga mkewe mpaka anafariki, na mtaa hauna la kufanya ila kusema pembeni. Wanawake wengi wanaonekana kupitia macho ya wanaume waliokaa barazani. Laura ndiye anayevunja utaratibu huo. Ana watoto wanane, na mtaa unacheka kila akijifungua. Lakini bintiye mkubwa anaporudi nyumbani na mimba, Laura analia, na kwa mara ya kwanza hakuna wa kucheka. Mwalimu asiiruke hadithi hii.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini bado wapo wanaokiita lugha ya wezi na wanajeshi. Tukiwafundisha wanafunzi kwamba lugha ya mtaa ni makosa ya kusahihishwa tu, hawataandika hadithi za Katwe wala Kisenyi, wataandika insha. Tunawashauri walimu waanze na zoezi dogo: kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu jirani mmoja, na jirani huyo azungumze mwenyewe.